Pango lisiloporomoka: Sanaa ya katoni na rangi ambayo vifaa vyake viko Lulimba

LULIMBA, FIZI – Katika eneo hili la Kivu Kusini, neno shimo hubeba riziki na msiba kwa pamoja. Shimo ndilo linalotoa dhahabu inayonunua chumvi, sabuni na madaftari. Shimo hilohilo ndilo linalofunika watu mvua inapolegeza udongo. Ukitoka Lulimba kuelekea Misisi, hakuna haja ya kumweleza mtoto maana ya handaki. Ameshamwona baba, kaka au jirani akiingia humo na tochi kichwani.

Lipo shimo la aina nyingine ambalo huku halijazoeleka. Hutengenezwa juu ya meza kwa katoni, sponji, gundi na mchanga, kisha hupakwa zambarau, kijani na buluu mpaka lifanane na mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufika. Ukubwa wake hautofautiani sana na sinia la wali. Ndani yake husimama sanamu za watu zenye kimo cha sentimita 3 hivi, na wachezaji wanne au watano hulizunguka kwa saa nyingi wakibishana wapite njia ipi.

Marekani na Ulaya, kutengeneza mapango ya mezani ni kazi ya watu wazima, yenye viwanda vyake na fedha zake. Huku Fizi inaweza kuonekana mchezo wa watoto. Lakini vifaa vyake vingi hutupwa kila siku nyuma ya maduka, na Mkongo mmoja aliyetumia vifaa vya namna hiyohiyo aliishia kuonyeshwa katika jumba kubwa la sanaa mjini New York.

Mchezo wa maneno na dadu

Mapango haya hutumika zaidi katika michezo ya masimulizi. Watu hukaa mezani. Mmoja ni msimulizi, na kila mmoja kati ya waliobaki ana mhusika wake: mpiganaji, mganga, mwizi au mchawi. Msimulizi hueleza kilicho mbele yao. Wachezaji husema wanachotaka kufanya. Dadu, ambayo mara nyingi ina pande 20 badala ya 6, huamua kama jambo litafaulu. Hakuna mshindi mmoja. Kwa kawaida kundi zima hutoka pangoni pamoja au hushindwa pamoja.

Mchezo uliofungua njia hiyo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulichapishwa mwaka 1974 na kampuni ndogo ya mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, ukiwa kazi ya Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Mwanzoni ulihitaji vitabu vidogo, karatasi, kalamu na dadu tu. Pango lilikuwa maneno ya msimulizi na mistari iliyochorwa kwenye karatasi ya miraba.

Wachezaji wa bao wataelewa jambo hili haraka. Bao huchezeka vizuri tu kwenye mashimo yaliyochimbwa ardhini, kwa mbegu zilizookotwa. Hata hivyo mafundi hawajaacha kuchonga mbao za bao, kuzilainisha na kuzitia nakshi, kwa sababu kifaa kizuri humfanya mtu akae zaidi na kuuheshimu mchezo. Pango la mezani ni hivyohivyo. Mchezo unaweza kuendelea bila hilo, lakini likishawekwa mezani watu huinama, hunyamaza, na kuanza kuulizana kuna nini nyuma ya ule mwamba.

Kutoka kwa mfalme wa Prussia

Wazo la kuipaka rangi ardhi ya mchezo lina zaidi ya miaka 200. Mwaka 1812, Georg Leopold von Reisswitz alimkabidhi mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm III, meza ya mchezo wa vita yenye vipande vya mraba vinavyoonyesha sura ya nchi: mito, barabara, vijiji. Vipande hivyo viliweza kupangwa upya, hivyo uwanja haukuwa uleule kila mara. Mwaka 1913, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha Little Wars, kitabu kinachoeleza vita vya askari wa sanamu vinavyopiganwa sakafuni nyumbani, katikati ya majengo na miti ya kubuni.

Dungeons & Dragons iliushusha uwanja huo chini ya ardhi. Mwaka 1978, Gygax alitoa mfululizo wa visa vilivyowapeleka wachezaji kwenye mahandaki marefu yanayofika hadi miji ya chini kwa chini, mahali ambapo jua halijulikani na uyoga humea kama msitu. Tangu hapo, pango la rangi za ajabu limekuwa moja ya mandhari zinazopendwa zaidi mezani.

Soko lilifuata. Kampuni ya Marekani ya Dwarven Forge, iliyoanzishwa mwaka 1996 na msanii Stefan Pokorny, ilijijengea jina kwa kuuza vipande vya ngome na mapango vinavyounganishwa mezani. Mwaka 2014, ilipowaomba wateja wachangie kupitia mtandao utengenezaji wa seti mpya ya mapango, walichanga zaidi ya dola milioni 2. Yalikuwa mapango ya plastiki, yasiyo na hata gramu moja ya dhahabu ndani yake.

Kinachohitajika kiko nyuma ya duka

Wapenzi wengi wa mchezo hawanunui mapango ya kiwandani. Hujitengenezea wenyewe, na vifaa vyao vikuu ni vilevile vinavyoingia Fizi kwa malori na mitumbwi ya injini: katoni za sabuni na biskuti, na zile sponji nyeupe, nyepesi na ngumu, zinazozuia redio au televisheni isivunjike njiani.

Kazi huanza na sakafu. Fundi hukata vipande viwili vya katoni na kuvigundisha pamoja, akihakikisha mifereji ya ndani ya kipande kimoja inakatizana na ile ya kipande kingine. Katoni ya tabaka moja hujikunja gundi inapokauka. Tabaka mbili zilizokatizana hubaki bapa, hasa zikilaliwa na jiwe zito usiku kucha.

Kuta hutokana na sponji. Kosa la wanaoanza ni kuikata kwa kisu kama mkate. Mwamba haukatiki hivyo. Mafundi huivunja kwa mikono, kipande baada ya kipande, ili upande uliovunjika ndio utazame ndani ya pango. Kisha huchukua jiwe lenye makwaruzo, au karatasi ya fedha iliyofinyangwa kama tonge la ugali, na kuligandamiza juu ya sponji ili liache alama za mwamba. Sponji ya punjepunje, ile inayomwaga chembe nyeupe, huvalishwa kwanza vipande vya gazeti vilivyolowekwa kwenye gundi na maji. Vikikauka, sponji inakuwa na ngozi ngumu inayopokea rangi.

Nguzo zinazochomoza kutoka sakafuni husokotwa kwa karatasi juu ya kijiti au waya. Katika mapango halisi ya mawe ya chokaa, kama yale ya Amboni karibu na Tanga nchini Tanzania, nguzo hizo hujengwa na matone ya maji yanayoacha chembe za chokaa, moja juu ya nyingine, kwa maelfu ya miaka. Mezani hujengwa kwa jioni moja, lakini sheria ya umbo ni ileile: nene chini, nyembamba juu, na mbili hazifanani kamwe.

Baada ya hapo, gundi hupakwa sakafuni na mchanga hunyunyizwa, lakini si kila mahali. Pango la mezani lazima lichezeke. Wachezaji wengi huhesabu hatua kwa miraba ya sentimita 2.5, kila mraba ukiwakilisha mita 1.5 za ulimwengu wa hadithi. Sanamu ikishindwa kusimama wima katika mraba wake, uzuri wa pango hauna kazi. Kwa sababu hiyohiyo, kuta hazizidi sana sentimita 5, ili aliyekaa upande wa pili naye aone. Na paa halipo kabisa. Mikono ya wachezaji ndiyo inayoingia kutoka juu.

Fundi mwenye subira hatengenezi pango moja kubwa. Hutengeneza vipande vingi vidogo vya mraba, tuseme vya sentimita 15 kila upande, na kila mlango huwekwa katikati ya ukingo wake ukiwa na upana mmoja. Hapo kipande chochote huungana na kingine, na vipande kumi vinatosha kutoa pango jipya kila wiki. Ni hesabu ileile ya vipande vya Reisswitz.

Jicho la mtu wa machimbo

Hapa ndipo mtu wa Lulimba anaweza kumzidi fundi wa Chicago au London. Wengi wanaotengeneza mapango ya kubuni hawajawahi kuingia katika handaki lolote. Huiga picha za filamu. Anayeishi karibu na machimbo anajua mahali gogo la kuzuia udongo linapowekwa, jinsi kamba inavyoacha mfereji kwenye mdomo wa shimo, maji yanavyokusanyika mahali pa chini kabisa, na rangi ya udongo inavyobadilika kadiri mtu anavyoshuka. Ndoo iliyopinda, gunia la mawe, ngazi ya miti miwili, tochi iliyosahaulika: hivyo vyote hutengenezeka kwa kijiti cha kiberiti na uzi, na ndivyo vinavyofanya pango la uongo liaminike.

Lakini ujirani huo na machimbo unadai tahadhari moja ambayo fundi wa Ulaya hahitaji kuifikiria. Mchanga wa kunyunyizia usichukuliwe mahali dhahabu inapooshwa au kuchomwa. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika nchi nyingi hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, na mabaki yake hubaki kwenye udongo na maji. Zebaki hudhuru ubongo na neva, na watoto ndio huumia zaidi. Mchanga wa barabarani au wa ujenzi, uliochekechwa na kuanikwa, unatosha.

Sponji nayo ina masharti yake. Isikatwe kwa waya wa moto wala kuchomwa ndani ya nyumba, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Rangi ya kupuliza kutoka kwenye mkebe huiyeyusha papo hapo, na kazi ya siku tatu hugeuka tope. Ndiyo maana mafundi hutanguliza brashi.

Rangi huanzia gizani

Anayepaka nyumba huanza na nyeupe. Anayepaka pango huanza na nyeusi. Tabaka la kwanza huchanganywa na gundi ya mbao ili liigandishe sponji na kuziba kila tundu. Mkaa uliotwangwa laini, gundi na maji kidogo hutoa nyeusi nzuri isiyogharimu kitu.

Juu ya weusi huo hupakwa rangi ya kivuli, nayo ndiyo inayoamua hali ya pango lote. Zambarau iliyokolea huleta uchawi. Buluu iliyokolea huleta baridi na maji. Udongo mwekundu huleta joto. Kisha hufuata mbinu inayoitwa brashi kavu, ambayo ndiyo moyo wa kazi yote. Fundi huchovya brashi kwenye rangi nyepesi zaidi, huifuta kwenye kitambaa mpaka ionekane kana kwamba haina kitu, halafu huipitisha harakaharaka juu ya mwamba. Rangi hushika kwenye ncha na kingo tu. Mashimo hubaki na giza lake. Baada ya kurudia mara mbili au tatu, kila mara kwa rangi nyepesi zaidi, kipande cha sponji hugeuka jiwe mbele ya macho.

Mbinu ya pili hufanya kinyume. Rangi huongezwa maji mengi mpaka iwe kama chai, kisha humwagwa juu ya mwamba. Yenyewe hutafuta nyufa na kutulia humo. Hiyo ndiyo huleta ukungu wa kijani, kutu, na mkojo wa popo.

Mwisho huja mwanga. Mapango ya kubuni hupenda mawe yanayong'aa, na mawe hayo hutoka kwenye chupa za maji za plastiki: hukatwa pembetatu, hukunjwa, hupakwa rangi upande wa ndani na kusimamishwa kwenye gundi kama miche. Siri ni kwamba jiwe haling'ai kwa sababu ya rangi yake, bali kwa sababu ya rangi ya majirani wake. Jiwe la kijani linahitaji kijani kidogo kwenye ukuta ulio karibu, kidogo zaidi kwenye sakafu, kisha giza. Bila giza hilo, hakuna mwanga.

Watu wa Fizi si wageni wa kazi hii. Wachongaji wa Kibembe wanajulikana katika majumba ya makumbusho duniani kwa kinyago cha alunga, chenye nyuso mbili na matundu makubwa ya macho ambamo nyeupe na nyeusi zinapambana. Udongo mweupe, mkaa na udongo mwekundu vilikuwa rangi kabla ya rangi za dukani. Kwa anayetafuta buluu, ile ya kufulia nguo nyeupe inatosha kuanzia, na manjano ya jikoni hutoa rangi kali, ingawa huchujuka juani.

Mawe ya Katanga na samaki asiye na macho

Swali moja humsumbua kila anayeanza: je, pango la zambarau na waridi si uongo mtupu? Jibu la Kongo ni tofauti na la nchi nyingine nyingi.

Mapango mengi duniani ni ya kijivu, nyeupe na kahawia, rangi za chokaa na udongo. Lakini katika migodi ya Katanga, ardhi imejichanganyia rangi ambazo mchoraji angeogopa kuzitumia. Shaba ikikutana na maji na hewa hutoa malakaiti, jiwe la kijani lenye mistari inayozunguka kama mawimbi, na pia azuraiti, lenye buluu nzito. Kobalti ikiingia kwenye kalisaiti, madini yaleyale yanayojenga nguzo za mapangoni, huifanya waridi iliyokolea. Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya atomiki ya mwaka 1945, umewapa wataalamu wa madini mawe ya njano na kijani yenye kupendeza na yenye hatari. Chuma, kilicho kila mahali, hutoa nyekundu ya kutu.

Kwa hiyo fundi wa mezani anaweza kujiuliza swali la kijiolojia kabla ya kufungua kopo la rangi: pango langu lina madini gani? Akijibu shaba, ana kijani na buluu. Akijibu kobalti, ana waridi. Pango lenye sababu huvutia kuliko pango lililomwagiwa kila rangi iliyokuwapo mezani. Wenye uzoefu husema rangi mbili za mwamba na moja ya mwanga zinatosha.

Viumbe nao wapo. Katika mapango ya Mbanza-Ngungu, Kongo ya Kati, huishi samaki mdogo anayeitwa kitaalamu Caecobarbus geertsii, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1921. Hana macho yanayoonekana wala rangi mwilini, kwa sababu gizani havina faida. Msimulizi anayetaka kuwatisha wachezaji wake hahitaji joka kutoka Ulaya. Dimbwi jeusi lililopakwa tabaka za gundi angavu, na kitu cheupe kisichoona kikipita chini yake, kinatosha.

Aliyeambiwa ameiba

Je, kuna anayethamini ulimwengu wa katoni? Historia ya Kongo ina shahidi. Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, Bandundu, na kuhamia Kinshasa mwaka 1970. Alikuwa mwalimu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kama alivyosimulia baadaye, alishikwa na hamu isiyomwacha ya kupata mkasi, wembe, gundi na karatasi. Akatengeneza jengo dogo la kubuni na kulipeleka makumbusho ya taifa.

Hawakuamini kwamba ni kazi yake. Simulizi ya maisha yake inasema alishukiwa kuwa ameiba, na ili kujisafisha ilimbidi atengeneze kazi nyingine papo hapo, mbele yao. Alifanya hivyo. Baadaye makumbusho hayohayo yalimwajiri kutengeneza vinyago na vitu vya kale vilivyoharibika, mpaka alipoacha ili ashughulikie majengo yake tu.

Hakutengeneza mapango. Alitengeneza miji, lakini vifaa na moyo vilikuwa vilevile: katoni, karatasi za rangi, plastiki, vizibo vya chupa, makopo ya soda. Mwaka 1989 kazi zake zilikuwa Paris katika maonyesho makubwa ya Magiciens de la terre. Ville Fantôme, mji wake wa mwaka 1996, una urefu wa karibu mita 6, na yeye mwenyewe aliueleza kuwa mji wa amani usiohitaji polisi. Alifariki Kinshasa mwaka 2015. Miaka mitatu baadaye, tarehe 26 Mei 2018, jumba la sanaa la kisasa la New York, MoMA, lilifungua maonyesho yake peke yake yaliyodumu hadi Januari 1, 2019, na wageni waliweza kuingia Ville Fantôme kwa miwani ya kompyuta na kutembea katika mitaa yake.

Kingelez hakuwa peke yake. Maonyesho ya Beauté Congo, yaliyofunguliwa Paris mwaka 2015, yalimweka pamoja na Rigobert Nimi, Mkongo mwingine anayeunda mashine na vituo vya anga vya kubuni kwa vitu vilivyokusanywa na kukatwa upya. Wote wawili wanaonyesha jambo moja: tatizo halijawahi kuwa vifaa. Mara ya kwanza, tatizo lilikuwa mtu wa kuamini kwamba mikono hii ndiyo iliyofanya kazi hii.

Likizo na mashimo

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika ukanda wa dhahabu. Sheria ya Kongo inamkataza mtoto kufanya kazi machimboni, lakini umaskini haujui sheria, na shule zinapofungwa kwa likizo kubwa, machimbo ndiyo mahali palipo wazi. Hatari yake si nadharia. Septemba 11, 2020, mvua kubwa ilisababisha maji kufurika mashimo ya dhahabu huko Kamituga, katika wilaya jirani ya Mwenga, na watu wapatao 50 walihofiwa kufa.

Pango la katoni haliwezi kulipa deni la familia wala kuchukua nafasi ya mshahara. Anayesema hivyo anawadanganya wazazi. Linachoweza kufanya ni kidogo zaidi, nacho si haba. Linamfundisha mtoto kupima, kukata, kusubiri gundi ikauke, kuchanganya rangi, kuhesabu dadu, kusimulia mbele ya watu na kusikiliza zamu ya mwenzake. Ni hisabati, uchoraji na lugha kwenye meza moja. Na kwa mtoto ambaye neno shimo limekuwa hofu, linampa shimo analolitawala yeye.

Mwalimu anayetaka kujaribu hahitaji kitabu cha Kiingereza wala dadu ya pande 20. Dadu mbili za kawaida zinatosha, na sheria zinaweza kuwa tatu: sema unachotaka kufanya, tupa dadu, ukipata 7 au zaidi umefaulu. Sanamu zinaweza kuwa vizibo vya chupa vilivyochorwa nyuso. Hadithi ziko tele. Kila nyumba ya Fizi ina bibi anayezijua.

Mchezo ukiisha, vipande hutenganishwa, hupangwa ndani ya katoni na kuwekwa juu ya kabati, mbali na sakafu. Adui wa pango la katoni ni uleule wa shimo la dhahabu: maji. Likivujiwa, sakafu huvimba, kuta hulegea na rangi huanza kutiririka. Lakini hakuna anayetafutwa chini yake. Asubuhi yake huanikwa juani, hutiwa gundi upya, na jioni watoto hulirudisha mezani kuona kama yule samaki asiye na macho bado yumo.